UZI: Chuanxiong Chatiao San, unga wa Kichina wa mafua na maumivu ya kichwa: asili yake, namna unavyotumika na mahali unapokoma

Ndugu wadau, salaam kwenu nyote.

Nimeombwa na watu kadhaa nieleze kuhusu dawa ya Kichina inayouzwa kama unga, vidonge vidogo vya mviringo au chembechembe za kukoroga, ambayo jina lake huandikwa kwenye pakiti Chuanxiong Chatiao. Wapo wanaoisifu kwamba inaondoa kila aina ya maumivu ya kichwa, na wapo wanaoitupilia mbali kwa kuiita majani ya kubahatisha. Nilisomea dawa mjini Chengdu, katika jimbo la Sichuan, ambako kiungo chake kikuu, tunguu liitwalo chuanxiong, hulimwa, na kwa maoni yangu pande zote mbili zinaikosea haki. Dawa hii iliwekewa masharti tangu siku ya kwanza, yaani inywewe na nini, saa ngapi, kwa kiasi gani na kwa kichwa cha namna gani, na anayeyaondoa masharti hayo ili auze zaidi anauza kitu kingine kabisa. Naomba mnivumilie, kwa maana uzi huu ni mrefu.

Nianze na asili yake. Mwaka 1076, wakati wa mageuzi ya waziri Wang Anshi, serikali ya enzi ya Song ilifungua duka la dawa la umma katika mji mkuu wake, ambao leo ni Kaifeng. Duka hilo liliuza dawa zilizokwisha kutengenezwa, ili mwananchi asilazimike kununua mizizi mmoja mmoja na kuichemsha mwenyewe. Kanuni za utengenezaji zilikusanywa katika kitabu kati ya mwaka 1078 na 1085, zikapitiwa upya mwanzoni mwa karne ya 12, na kuanzia mwaka 1151 kitabu hicho kikajulikana kwa jina la Taiping Huimin Heji Jufang. Humo ndimo ilimo kanuni ya unga wetu.

Kanuni yenyewe ina viungo vinane. Nanaa ya Kichina, inayoitwa bohe, ndiyo nyingi kuliko vyote, kwani huwekwa liang 8, na liang moja ya enzi ile ilikuwa kiasi cha gramu 40. Chuanxiong na jingjie huwekwa liang 4 kila kimoja. Baizhi, qianghuo na gancao, ambao ni mzizi wa jamii ya urukususu, huwekwa liang 2 kila kimoja. Fangfeng huwekwa liang moja na nusu, na xixin huwekwa liang moja tu. Vyote husagwa, na mgonjwa huchukua qian 2, yaani sehemu mbili za kumi za liang, akaumeza unga huo kwa chai baada ya chakula. Naomba msomaji aukumbuke uchache wa xixin, kwa sababu nitaurudia huko mbele.

Chuanxiong, baizhi, qianghuo na fangfeng vyote vinne ni vya ukoo mmoja na karoti na giligilani, na ukivinusa utautambua ukoo huo mara moja. Jingjie na nanaa ni ndugu wa mrihani. Chuanxiong yenyewe hulimwa zaidi katika tambarare ya Dujiangyan, kaskazini magharibi mwa Chengdu. Wakulima wake hawapandi mbegu, bali huotesha kwanza mimea ya kuzalishia huko milimani, wakakata mashina yake pingili kwa pingili, kisha wakazishusha pingili hizo na kuzipanda tambarare mwezi Agosti, na mavuno huja mwaka unaofuata kati ya Mei na Juni. Tunguu linalotoka ardhini lina manundu mengi na ukubwa wa ngumi. Likikatwa vipande vyembamba, kila kipande huwa na kingo za mawimbi zinazofanana na mabawa ya kipepeo, na wauzaji wa kule huvitumia vipande hivyo vizuri kama ushahidi wa ubora.

Kwenye duka la dawa la kimapokeo pana kabati la mbao linalofunika ukuta mzima, lenye droo nyingi zenye majina yaliyoandikwa kwa wino. Mtaalamu husoma karatasi ya daktari, akavuta droo, akapima kwa mizani ya mkono yenye kisahani kimoja na mti uliochorwa alama, kisha akamimina kila kiungo kwenye karatasi pembeni ya kiungo kilichotangulia bila kuvichanganya, ili mwenzake aweze kuvihakiki kwa macho kabla ya kufunga. Uhakiki huo hufanywa kwa dawa zote, hata zile zinazoonekana za kawaida. Unga ukishasagwa unakuwa wa rangi ya kahawia iliyofifia. Nanaa hutangulia puani, ikifuatiwa na harufu nzito ya chuanxiong, na ukiuonja, ladha yake ni ya uchungu na ukali, huku ncha ya ulimi ikishika ganzi kidogo kwa sababu ya xixin.

Sasa nije kwenye fikra iliyoizaa kanuni hii. Tabibu wa Kichina wa zamani alimtazama mgonjwa aliyepatwa na baridi na upepo, akaona pua imeziba, mwili unasisimka kwa baridi, homa ni ndogo, ulimi una utando mweupe mwembamba na kichwa kinauma, akasema upepo umeingia kutoka nje na umepanda juu. Kila eneo la kichwa lina njia yake. Maumivu ya kisogoni na shingoni hupewa qianghuo, maumivu ya paji la uso na juu ya nyusi hupewa baizhi, na maumivu ya pembeni mwa kichwa na utosini hupewa chuanxiong. Viungo vingine husaidia kuutoa upepo kupitia ngozi, na gancao hupatanisha wenzake. Hii ni lugha ya utabibu wa kale na haiwezi kuhesabiwa kama anatomia ya leo, lakini imekusanya uangalizi wa makini wa wagonjwa, na ndani yake kuna kikomo kilicho wazi kabisa: unga huu ni wa maumivu yaliyoletwa na upepo wa nje. Kichwa kinachouma kwa sababu mtu amedhoofika, amepungukiwa damu, au ana joto linalopanda kutoka kwenye ini, kwa maneno ya matabibu wale wale, hakipewi unga huu, kwa kuwa utamzidishia mgonjwa madhara.

Chai nayo haikuwekwa kama kinywaji cha kusukumia tu. Viungo vingi vya unga huu ni vya asili ya moto na huelekea juu, na chai ya kijani, kwa hesabu yao, ni ya baridi na huelekea chini, kwa hiyo inavizuia visipite kiasi. Mtu wa leo ataongeza kwamba chai ina kafeini, na kafeini inajulikana vizuri kwamba huongeza nguvu ya dawa za maumivu ya kichwa. Ndiyo maana madukani kwetu vipo vidonge vinavyochanganya paracetamol na kafeini. Nadhani watu wa Song waliliona jambo hilo kwa wagonjwa wao bila kuwa na jina la kemikali yenyewe.

Nimeona pia swali la kwa nini dawa hii husagwa badala ya kuchemshwa muda mrefu kama dawa nyingine za Kichina. Sababu ni mafuta yenye harufu. Mentholi ya nanaa na mafuta mepesi ya jingjie huruka na mvuke, na sufuria ikikaa motoni nusu saa, sehemu kubwa ya mafuta hayo huishia hewani. Tabibu anayeamua kuichemsha huweka nanaa mwishoni kabisa, dakika chache kabla ya kuepua.

Baadhi ya wachangiaji wanaamini kwamba tahadhari zote hizi zimeletwa na hospitali za kisasa kwa wivu. Hapana. Katika karne ya 14 tabibu Zhu Zhenheng, aliyeishi kati ya mwaka 1281 na 1358, aliandika kitabu kizima cha kuwakosoa watu waliokuwa wakichukua dawa kutoka kwenye kitabu cha duka la serikali bila kumpima mgonjwa. Alilalamika kwamba ugonjwa mmoja una sababu nyingi, na kwamba dawa nyingi za duka lile zilikuwa za kukausha na kuchemsha mwili. Mwana wa utabibu huo huo wa Kichina ndiye aliyesema hayo, zaidi ya miaka 600 iliyopita, na ningependa kila anayeuza vipakiti hivi ayasome maneno hayo kabla ya kuandika kwamba havina madhara kwa sababu ni vya asili.

Nakuja kwenye xixin. Mmea huu ni wa jenasi ya Asarum, katika ukoo wa Aristolochia, na mimea ya ukoo huo inaweza kuwa na asidi ya aristoloki, sumu inayoharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Dunia ilizinduka mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene katika kliniki moja ya Brussels, Ubelgiji, walipoanza kupoteza figo. Uchunguzi ulionyesha kwamba mzizi wa Kichina uitwao fangji ulikuwa umechukuliwa nafasi na mzizi wa Aristolochia wenye jina linalokaribiana nao. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mimea ya Aristolochia katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2002. Xixin ina kiasi kidogo zaidi cha asidi hiyo kuliko Aristolochia yenyewe, na kiasi kikubwa kipo kwenye majani. Kwa sababu hiyo kitabu rasmi cha dawa cha China, katika toleo la mwaka 2005, kiliondoa majani na kubakiza mizizi na matunguu tu.

Matabibu wa kale hawakuijua asidi hiyo, lakini waliiogopa xixin kwa njia yao, kwani tangu enzi ya Song lilikuwapo onyo kwamba unga wake ukitumika peke yake usizidi kiasi kidogo sana. Linganisheni na kanuni yetu. Jumla ya viungo vyote ni liang 24 na nusu, na xixin ni moja tu kati yake. Kwa kipimo cha leo cha gramu 3 hadi 6, mtu anameza xixin isiyozidi robo ya gramu kwa mara moja. Watunzi walikuwa waangalifu, na uangalifu wao una maana tu ikiwa dawa inatumika kwa siku chache za mafua. Anayeimeza kila siku kwa miezi kwa sababu ana kipandauso cha kudumu anakusanya kitu ambacho figo zake hazikisahau.

Wajapani walichukua njia nyingine. Katika utabibu wao wa kampo kanuni hii huitwa Senkyuchachosan, nayo imo kwenye orodha ya dawa zinazolipiwa na bima ya afya ya taifa. Haina xixin kabisa. Nafasi hiyo imechukuliwa na tunguu la Cyperus rotundus, ambalo kwetu ni ndago, lile gugu linalowasumbua wakulima mashambani, na majani ya chai yamewekwa ndani ya dawa yenyewe. Kwa maoni yangu haya ni mageuzi ya busara.

Je, inafanya kazi? Nitajibu kwa uaminifu. Chuanxiong ina asidi ya feruliki na ligustilidi, ambazo kwenye maabara zimeonekana kulegeza mishipa ya damu, na mentholi huufanya mtu ahisi pua imefunguka. Majaribio kwa wagonjwa yamefanyika kwa wingi nchini China, hasa kwa wenye kipandauso, na mengi yametoa matokeo mazuri, lakini mengi ni madogo na hayakuficha kwa ukamilifu nani amepewa dawa ipi. Mapitio ya mwaka 2007 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, kuhusu mimea ya Kichina kwa mafua ya kawaida yalifikia hukumu ya namna hiyo hiyo: ubora wa majaribio ulikuwa duni kiasi cha kutoweza kupendekeza dawa yoyote kwa uhakika. Mafua ya kawaida yenyewe hupona ndani ya wiki moja au zaidi kidogo bila dawa. Kwa hiyo ninachoweza kusema ni kwamba unga huu unaweza kumpunguzia mtu usumbufu, na sitasema zaidi ya hapo.

Jambo linaloniuma kuliko yote linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Kanuni hii ilitungwa kwa ajili ya mtu aliyepigwa na upepo wa baridi katika miji ya China, na tarehe 30 Juni 2021 Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa nchi isiyo na malaria. Daktari wa Kaifeng au Chengdu anayesikia habari za homa ndogo, mwili kusisimka kwa baridi na kichwa kuuma ana haki ya kufikiria mafua. Mtu wa Kigoma, Kisumu au Bujumbura mwenye dalili hizo hizo hana haki hiyo mpaka apime malaria. Dalili ni zile zile, neno kwa neno, na ndiyo hatari yenyewe. Mtoto anayepewa unga wa kukoroga kwa siku mbili huku vimelea vikiongezeka kwenye damu yake anaweza kufika hospitali akiwa na degedege. Kipimo cha haraka hutoa majibu ndani ya dakika zisizofika 30, na kinapatikana katika zahanati nyingi. Vilevile homa ikiambatana na shingo kukakamaa, kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa au kuuogopa mwanga, hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

NYONGEZA: Nimesoma michango na ninajibu maswali niliyoyaona.

Mdau mmoja ameuliza kama anaweza kuutumia pamoja na vidonge vya shinikizo la damu. Namshauri asiutumie kabla ya kuongea na daktari wake. Gancao ina glisirizini, ambayo huufanya mwili ushikilie chumvi na kupoteza potasiamu, hivyo inaweza kupandisha shinikizo, na mtu anayetumia vidonge vya kukojoza hupoteza potasiamu kwa njia mbili. Kichwa kinachouma kwa sababu ya shinikizo kubwa, kama nilivyoeleza, kiko nje ya kanuni hata kwa hesabu ya matabibu wa zamani. Wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, nao wajiepushe, kwa sababu chuanxiong inaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu. Akina mama wajawazito wasiitumie.

Dada yetu aliyeuliza kuhusu kuchanganya dawa ya mafua ya Kichina na paracetamol ameuliza swali zuri sana. Chuanxiong Chatiao ya kanuni halisi haina paracetamol. Lakini zipo dawa nyingine maarufu za mafua kutoka China zinazoonekana kama za mimea tupu, ilhali kanuni yake halali ina dawa za kisasa ndani. Ganmaoling ina paracetamol, kafeini na chlorphenamine, ambayo ni dawa ya mzio, pamoja na mimea, na vidonge vya Vitamini C Yinqiao vina paracetamol na chlorphenamine. Anayekunywa hizo kisha akaongeza paracetamol yake ya kawaida anaweza kuvuka gramu 4 kwa saa 24, ambazo ndizo kikomo cha mtu mzima, na ini lake likaumia bila yeye kujua sababu. Chlorphenamine nayo huleta usingizi, hivyo dereva asiitumie kabla ya safari.

Aliyeuliza kama anaweza kujitengenezea nyumbani kwa nanaa na tangawizi: chai ya nanaa na tangawizi ni kinywaji kizuri kwa mtu mzima mwenye mafua, naye akinywe kwa amani, ila asikiite Chuanxiong Chatiao. Na kuhusu mzizi unaouzwa bila pakiti kwa jina la xixin, jibu langu ni kwamba usinunuliwe hata kidogo, kwa sababu hakuna anayeweza kuhakikisha kwa macho kwamba ni sehemu iliyoruhusiwa ya mmea ulioruhusiwa.

Mwisho, ndugu aliyeweka picha ya pakiti yake na kuuliza asome nini. Tazama kwanza kama viungo vimeandikwa vyote kwa lugha unayoielewa, kisha namba ya usajili ya mamlaka ya dawa ya nchi ulipo, tarehe ya kwisha muda na jina la mtengenezaji. Vidonge vya Chuanxiong Chatiao vya kitabu rasmi cha China hutumika gramu 3 hadi 6, mara mbili kwa siku, baada ya chakula, kwa chai nyepesi. Pakiti yako, kwa jinsi inavyoonekana kwenye picha, ina jina la dawa na mchoro wa mlima, na orodha ya viungo haipo. Irudishe dukani udai fedha yako.